Kengele Chini ya Zulia

Baba yangu alikula ugali kwa uma na kisu. Majirani zetu wa Korogwe walimcheka, na wa kwanza kumcheka alikuwa mama yangu, ila mama alikuwa na adabu ya kungoja baba ageuke. Baba aliukata ugali vipande vya mraba, akakichoma kila kimoja kwa uma, akakipitisha kwenye mchuzi wa dagaa, akatafuna midomo imefungwa. Alikula peke yake, mezani, kitambaa cheupe pajani. Mama na sisi watoto tulikuwa mkekani, karibu kabisa na miguu yake, tukigombania ukoko.

Wanaume wengi wa kwetu walikula kando na wake zao, hilo si ajabu. Lakini wao walikaa barazani na wenzao, sinia moja, mikono mitano sita ndani yake, na mpita njia akakaribishwa. Baba hakumkaribisha mtu. Meza ile haikuwa ya kwetu. Aliitoa kwenye shamba la mkonge, alikokuwa boi wa mezani wa meneja Mwingereza, kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, tangu ujana wake mpaka Uhuru.

Memsabu wa nyumba ile, mke wa meneja, alishika adabu alizorithi kwa bibi yake, adabu za enzi ya Malkia Viktoria, ambazo nadhani hata kwao Uingereza zilikuwa zimeshalegea. Pale katikati ya mkonge, na joto lile, watu walibadilisha nguo ili wale. Supu kwanza, kisha samaki na kisu chake, kisha nyama na kisu chake, kisha pudini. Watoto walilishwa mapema na yaya chumbani kwao, wakaletwa wamechanwa nywele kuwaaga wazazi, wakaondolewa. Watumishi walikula mwisho, jikoni, wamesimama, kile kilichorudi. Ukitaka kujua nani ni nani katika nyumba ile, ulitazama tu anakula wapi na anakula baada ya nani. Baba alituhadithia haya bila uchungu wowote. Aliyasimulia kama mtu anayesimulia miaka yake ya seminari.

Alilolipenda kuliko yote ni jambo la bega. Chakula huletwa upande wa kushoto wa mlaji, na sahani kubwa lazima ipite kati ya mtu na mtu. "Asiyezoea utamjua hapo hapo," alisema baba. "Atageuka akutazame, atasema asante mara tatu, pengine na sahani ataishika akusaidie. Aliyekulia mezani anaendelea na maneno yake. Bega linasogea, shingo haigeuki." Na alituonyesha, akilisogeza bega lake la kushoto kidogo sana, macho kwa mgeni wa kufikirika.

"Kwa hiyo wewe uliyeshika sahani hakuoni?" mama aliuliza siku moja.

"Ndiyo kazi yenyewe," baba akajibu, na alijibu kwa fahari.

Memsabu alipoondoka nchini alimwachia kengele ndogo ya shaba aliyokuwa akiitia watumishi. Baba aliiweka kuliani kwa sahani yake. Akitaka maji, au chumvi, au ndizi, aliitikisa, nasi tukaruka kutoka mkekani. Ilifika mahali miguu ilisimama kabla akili haijauliza kuna nini. Mama peke yake ndiye aliyekataa. Alisema yeye ameolewa, hajaajiriwa.

Hiyo ndiyo shule niliyokuja nayo Stockholm. Nilikuja kijana, kwa mafunzo ya kazi za hoteli, nikidhani nitarudi, nikabaki kama walivyobaki wengi. Kwa miaka mingi nilihudumu kwenye ukumbi wa karamu mjini. Mabega ya watu wa huku niliyajua kuliko nyuso zao. Baadaye magoti yalianza kulalamika nikahamia jikoni kwa shule moja ya Nacka, ninakofanya kazi mpaka leo, na nyumba yangu ni Fisksätra, ghorofani, treni ikipita chini.

Nilimlea binti yangu peke yangu. Baba yake alirudi Dar es Salaam akaanza maisha mengine, na simlaumu tena, nimechoka kumlaumu. Nilitaka kitu kimoja tu kwa ajili ya mtoto yule, na nilikitaka mpaka kikanikondesha: akae. Babu yake alisimama, mama yake amesimama, yeye akae mezani na watu, na mimi nikae kando yake. Wengine humwombea mtoto udaktari. Mimi niliomba kiti. Viti viwili, kusema kweli.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani nilitandika meza kwa ukamilifu. Glasi zote, uma zote, wa nje unatangulia. Nilijitupia taulo ya jikoni mkononi, nikampitishia wali na samaki kutoka kushoto kama ninamhudumia waziri. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Usinitazame!" nilimwambia.

"Lakini wewe ni mama," alinijibu kwa Kiswidi. Mimi nilisema Kiswahili, yeye alijibu Kiswidi, ndivyo tulivyoishi.

"Hapa mezani mimi si mama. Bega tu. Shingo iache."

Alikuwa mwepesi wa kujifunza. Kufikia darasa la tatu alikuwa analisogeza bega kama aliyezaliwa nalo, huku anamsimulia mwanasesere wake habari za shule. Nilipiga makofi. Siku za kawaida tulikula ugali kwa mkono, sahani moja, mpaka siku alipoinuka kimyakimya akachukua uma kabatini. Nilijiambia mazoezi yameingia.

Alisoma, akawa mwanasheria, akampata kijana wa watu, mpole, mwenye nywele za rangi ya mchanga. Familia yake inakaa Östermalm, mtaa wa wenye nazo, kwenye nyumba ya zamani ambayo wamekuwa nayo tangu kwa mababu. Wakanialika chakula cha jioni tufahamiane. Nilishona gauni. Nilinunua viatu ambavyo havikunitaka. Kwenye treni nilikuwa najichekea mwenyewe, maana nilikuwa naenda kukaa.

Nitasema ukweli: walinipokea vizuri. Ningefurahi kama wangekuwa wabaya, ningejua pa kuitupia hasira yangu. Mkwe mwenzangu, mama wa kijana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alinishika mikono yote miwili. Alinitembeza nyumba nzima. Alinionyesha mlango wa jikoni wenye ngazi zake za pembeni, ambako watumishi walipita zamani wasikutane na wageni. Alinionyesha na kachumba nyuma ya jiko, upana wa kitanda kimoja, alikolala kijakazi wa bibi mkuu wake. Sasa wanahifadhi divai humo. "Inatisha, sivyo?" aliniuliza, na nadhani alimaanisha. Nilisema ndiyo, inatisha, huku nafikiria kwamba kile chumba kina dirisha, cha baba kule shambani hakikuwa nalo.

Mezani niliketishwa kuliani kwa mwenye nyumba, baba wa kijana, mahali pa heshima. Binti yangu alikuwa ng'ambo, mbele yangu, amependeza hata nikaogopa kumtazama sana. Nilijua uma upi, nilijua glasi ipi, nilijua kumtazama mtu machoni kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Nilikosa jambo moja tu, maneno. Kila nilipoulizwa nilijibu kwa ufupi, kwa sauti ile ninayotumia kwa daktari. Chakula kilikuwa nyama ya paa na viazi vya maziwa, na sikukisikia ladha. Nilikuwa nimekaa, lakini nilikaa kwenye ncha ya kiti.

Walipomaliza nyama, mtu mmoja akauliza habari za nyumba, na mkwe mwenzangu akacheka. "Mnajua kengele ya bibi mkuu bado ipo? Iko chini ya zulia, hapa miguuni pangu. Alikuwa anaibonyeza kwa kiatu ili wageni wasijue amemwita mtu. Sijui hata kama inafanya kazi." Akasogeza mguu, akabonyeza.

Ikalia huko jikoni, kali, kama haijawahi kulala.

Na mimi nikasimama.

Sikuamua kusimama. Nilijikuta niko wima, kitambaa kimeanguka, mkono wa kulia umeshafika kwenye sahani ya mwenye nyumba. Halafu mtu mmoja akacheka, kicheko kizuri tu, akidhani nimefanya mzaha, na wengine wakafuata. Binti yangu hakucheka. Alijua ule haukuwa mzaha, maana hadithi ya kengele ya babu yake nilimsimulia mwenyewe.

Ningeweza kukaa. Lakini ukishasimama mbele za watu hivyo, kukaa tena kunataka moyo mkubwa kuliko wangu. Nikachukua sahani ya pili, nikaipanga juu ya mkono kama tulivyofundishwa ukumbini, na ya tatu, nikasema, "Acha niwasaidie kidogo," nikaondoka nazo. Nyuma yangu nilisikia mkwe mwenzangu akisema hapana hapana, tafadhali, lakini mlango wa jikoni ulikuwa umeshafunguka kwa nyonga yangu.

Jikoni palikuwa na mwanamke waliyemkodi kwa jioni ile, Mkongo wa Bukavu, mkaaji wa Jordbro huko viungani, mnene, amevaa aproni nyeusi. Alikuwa amesimama anaitazama kengele ukutani.

"Ile kitu ni nani amepiga?" aliniuliza kwa Kiswahili aliponiona, bila hata kujua kama nitaelewa. "Banasema ilikufa zamani!"

"Mama mwenye nyumba alikuwa anacheza," nikamjibu.

Akanitazama gauni, viatu, sahani mkononi. "Na weye ni mugeni, mama. Juu ya nini unabeba sahani?"

Machozi yalikuwa yameshafika. Akazipokea zile sahani, akavuta kiti kidogo cha miguu mitatu kwa mguu wake. "Ikala. Ikala kidogo, tukule. Bale bataongea sana mbele ya dessert." Akaleta sufuria yenyewe, viazi vimeshika chini, na vipande vya nyama, akaiweka katikati yetu. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kichupa cha pilipili ya kusaga. Anatembea nayo, alisema, maana chakula cha huku bila hiyo ni dawa.

Nikala. Nilikula kwa mkono, nikakwangua ukoko wa viazi, pilipili ikanitoa kamasi. Alinisimulia tajiri mmoja aliyempikia ambaye humpa paka samaki kwenye sahani ya fedha, tukacheka mpaka akajipiga paja. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kusikia njaa yangu. Nilikuwa na raha, na ndilo jambo linaloniuma kuliko yote: nilikuwa na raha.

Mlango ukafunguliwa. Binti yangu alisimama pale na gauni lake la kijani. Aliniona nimekaa kwenye kiti kile, vidole vina mafuta, mdomo wazi kwa kicheko. Hakukasirika. Ningeelewa kama angekasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata jibu la swali la muda mrefu.

"Mama, tunakungoja," alisema.

Nilinawa nikarudi mezani. Dessert, kile kitamu cha mwisho, ilikuwa ya matunda madogo mekundu ya porini, nikaila na kijiko kinachostahili.

Kesho yake alinipigia simu. Alitafuta maneno, na mara hii aliyatafuta kwa Kiswahili, chake cha kuokoteza. "Mama, kule mezani ulikuwa kama unangoja daktari. Jikoni ulikuwa unacheka. Mimi sijakuona ukila hivyo siku nyingi."

"Nilikuwa na aibu tu. Nitazoea."

"Hapana, mama. Mimi sitaki kukutesa."

Nikamwambia hanitesi. Lakini alishaamua, na aliamua kwa upendo, na uamuzi wa upendo hauna mlango wa kukatia rufaa. Tangu siku ile tulikutana mkahawani, mjini, kahawa na keki ya iliki, yeye na mimi. Sikukuu za huko Östermalm nilizisikia zikishapita. "Ungechoka bure," aliniambia. Harusi walifunga manispaa, mashahidi wawili, wakaniletea picha.

Mjukuu wangu alipozaliwa, moyo wangu ulifufuka kidogo. Ubatizo hauna mkahawa. Chakula cha mchana kingekuwa Östermalm baada ya kanisa, na safari hii nilialikwa waziwazi, na kadi. Nilijizoeza kwa wiki kadhaa. Msinicheke. Nilikaa mezani kwangu Fisksätra, nikaweka saa ya jikoni ilie, nikajilazimisha kubaki nimekaa. Ilipolia nilishika ukingo wa meza. Mwishoni niliweza. Niliweza kabisa.

Nilitangulia kufika kutoka kanisani, kwa teksi, na keki niliyooka. Nikaiona meza imetandikwa, na mbele ya kila sahani kadi ndogo ya jina. Yangu haikuandikwa jina. Iliandikwa "Mormor", yaani mama wa mama. Kiti changu kilikuwa kando ya binti yangu. Niliishika ile kadi nikairudisha taratibu ilivyokuwa.

Mkwe mwenzangu alinikuta hapo, nywele zimemtoka pini, simu mkononi. Yule mama wa Jordbro alikuwa ameamka na homa. Samaki wako tayari kwenye oveni, wageni wako njiani, mume wake hajui hata kisu kinakaa wapi. Aliongea akizungukazunguka, kisha akasimama, akanitazama, na nikaona wazo likimjia. Lilimwaibisha, nalo hilo nililiona.

"Naona haya kukuuliza," alisema. "Ni ile sahani ya kwanza tu. Hakuna anayejua mambo haya kama wewe. Halafu utakuja kukaa nasi."

Kwetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimeingia nyumba ile mara ya pili. Ningesema hapana. Wazungu wanasema hapana na dunia inaendelea. Lakini nilifundishwa kwamba mwenye shughuli akikwama hukai ukamtazama, unakunja nguo unaingia, na mama yangu, aliyekataa kengele maisha yake yote, ndiye aliyenifundisha hilo. Nikasema, "Bila shaka." Nikachukua aproni nyeusi nyuma ya mlango.

Binti yangu alikuwa bado chumbani anambembeleza mtoto, nikapita na mkate. Nilipotoka na supu nilitupia jicho kiti changu. Kilikuwa tupu, kadi inanitazama. Nilikusanya bakuli za supu, upande wa kulia, nikarudi jikoni, samaki walikuwa wanakaribia kukauka, na hakukuwa na mtu wa kuwatoa. Nani angewatoa? Niliwapanga kwenye sahani ndefu ya bibi mkuu, na bizari na ndimu. Nilipotoka nayo, kwenye kiti changu palikuwa na mfuko wa mtoto, nepi na chupa, na shali la mtu. Aliyeweka hakukosea. Kiti kilikuwa tupu, mfuko ulihitaji mahali.

Nilianza kwa mwenye nyumba, nikazunguka kama inavyotakiwa. Binti yangu alikuwa amesharudi mezani, anamsimulia shangazi wa mume wake jinsi mtoto asivyolala, mkono mmoja juu ya mfuko ule, wanacheka wote wawili. Nikawa najiambia: nikifika atageuka. Ataniona na aproni, atasimama, atasema mama weka chini hiyo sahani, njoo ukae. Hata asiseme. Ageuke tu.

Nikafika. Nikainama, kushoto kwake, nikaingiza sahani kati yake na kile kiti.

Bega lake likasogea kuliani, kidogo sana, vizuri sana, kama nilivyomfundisha. Aliendelea na maneno yake. Nikamwekea samaki, nikangoja kidogo zaidi ya inavyoruhusiwa, kisha nikapita kiti chenye mfuko, nikaenda kwa aliyefuata.